Jua halina kufuli: nani anatufungia?

Haya ni maneno ambayo mmoja wetu aliyatoa mbele ya vijana wa Beni, katika sala moja ya parokia. Tunayaweka hapa kama alivyoyasoma, pamoja na yale aliyoyaongeza bila karatasi.

Tumepanga tumalize mbele ya saa kumi na moja, juu kuna wenzetu wanaishi mbali na munajua hali ya barabara giza likiisha kuingia. Munaona? Hata saa ya mkutano wetu wa umeme inapangwa na giza.

Nianze na nyumba moja ya Goma, ya mama mdogo wangu. Anauza sambaza. Miaka karibu miwili iliyopita alichukua kiti ya jua kwa mkopo: pano moja juu ya mabati, batri, ampuli nne, redio, na kamba ya kuchaji simu. Kila wiki analipa kwa simu, wanamutumia message yenye namba, anaandika ile namba kwenye boksi, na boksi inafunguka kwa siku saba. Asipolipa, boksi inajifunga yenyewe. Hakuna mtu anayekuja kugonga mlango, hakuna kelele. Inajifunga tu.

Alilipa miezi 17 juu ya 24. Hakukosa hata wiki moja. Alikuwa anasema ni deni la kwanza katika maisha yake lililomfurahisha, juu watoto walianza kusoma usiku na yeye alichagua sambaza zake saa moja ya usiku bila moshi wa petroli machoni.

Kisha Januari 2025 ikafika. Goma munajua yaliyoipata, sitarudilia. Banki zikafungwa. Wale wa kutoa feza kwa simu wakawa hawana kitu mkononi. Soko la sambaza likalala. Wiki ya kwanza akakosa kulipa, ya pili pia, na boksi ikajifunga. Alinipigia, na simu yenyewe alikuwa ameichajia kwa jirani, akaniambia: « Mwanangu, jua inawaka mpaka mabati inalia. Pano iko pale juu. Na mimi niko ndani na buji. »

Nilipiga simu kwa ile kampuni, jina sitalitaja. Walinijibu kwa adabu kabisa. Walisema mkataba ni mkataba.

Ile ndiyo mambo nataka tuzungumze leo. Tunasikia kila siku kwamba jua ni bure, Mungu ameigawa kwa wote, Afrika iko na bahati. Jua ni bure, kweli. Umeme wa jua si bure, na kuna mtu anayeshika ufunguo wake. Kama sisi wananchi hatuulizi nani anashika ule ufunguo na kwa masharti gani, tutapata inchi iliyojaa pano juu ya nyumba zenye giza.

Sasa mukumbuke tarehe. Tarehe 27 na 28 Januari 2025, wakuu wa inchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mpango unaitwa Mission 300: kufikisha umeme kwa Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Kongo ilikuwa kati ya inchi 12 zilizoleta ahadi zao pale. Yetu inasema tutoke kwenye mtu mmoja juu ya watano mwenye umeme, tufike zaidi ya 60% mwaka 2030. Tarehe 27, siku ile ile karatasi zinapangwa Dar, Goma ilikuwa inaingiliwa. Laini za umeme zilikatika, pompu za maji zikasimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni.

Sisemi hii kwa kucheka ile ahadi. Ahadi iliyoandikwa ni kitu kizuri, juu unaweza kuishika mkononi na kumuuliza mwenye sahihi. Nasema tu kwamba mpango wowote wa umeme wa hii inchi usioongea juu ya vita, haujaongea juu yetu.

Kuna neno wanapenda sana kwenye mikutano ya namna ile: transition énergétique, mageuzi ya nishati. Kwa Wazungu liko wazi. Walikuwa wanachoma makaa ya mawe, sasa wanahamia kwa jua na upepo. Na sisi je, tunatoka wapi? Umeme kidogo tulio nao karibu wote unatoka kwa maji. Megawati karibu 3,000 zimewekwa katika inchi nzima, inchi ya watu zaidi ya milioni 100, na mashini nyingi kati ya zile zimezeeka au zimesimama. Kwa hewa chafu ya kiwanda cha umeme hatuna la kuungama. Sisi tunatoka kwa makala, kwa buji, kwa petroli ya chupa, kwa groupe inayonguruma nyuma ya duka. Mageuzi yetu ni kutoka gizani. Wakitupimia kwa kipimo cha Ulaya, watatupongeza kwa kuwa tayari « kijani » wakati mama anajifungua kwa mwangaza wa simu.

Wazee walio hapa wataniambia: kijana, hii wimbo wa umeme kwa wote tuliisikia tangu zamani, iliitwa Inga. Muko na haki. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972, megawati 351. Inga 2 mwaka 1982, megawati 1,424. Wataalamu wanasema mto Kongo pale Inga unaweza kutoa megawati 40,000 hivi, hakuna mahali pengine duniani panapofanana. Na mto ule ni mwaminifu, juu unakusanya mvua za pande zote mbili za ikweta: kwetu ikikauka, kule inanyesha.

Lakini muangalie laini iliyotoka pale. Mwaka 1982 walimaliza laini ya karibu kilomita 1,700, kutoka Inga mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Moja ya laini ndefu za dunia wakati ule. Ilipita juu ya vichwa vya watu, kijiji baada ya kijiji, provensi baada ya provensi, na chini yake watu walibakia na koroboi. Haikuwa makosa ya mafundi. Walijengewa mpango wa kufikisha umeme kwa mgodi, na umeme ulifika kwa mgodi.

Na mpango wa Inga 3, vile ulivyoandikwa mara ya kwanza, ulikuwa wa megawati 4,800. Muhesabu na mimi: 2,500 za Afrika ya Kusini, mkataba ulitiwa sahihi 2013. 1,300 za migodi ya Katanga. 1,000 zilizobaki za SNEL, maana yake upande wa Kinshasa. Beni munaiona wapi katika ile hesabu? Butembo? Uvira? Kindu? Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilisimamisha pesa zake, na mwaka 2025 imerudi na dola milioni 250 za kuanza matayarisho. Mimi sipingi Inga. Inchi ya viwanda inahitaji Inga. Lakini hata kesho asubuhi wakimwaga beto ya kwanza, mtoto aliyezaliwa leo Oicha atakuwa amemaliza shule ya msingi kabla ya kuona matokeo, na hakuna laini inayochorwa kutoka kule mpaka huku.

Njo maana jua inatuhusu sisi wa Mashariki kuliko wengine. Si juu ni mtindo wa dunia. Ni juu jua halihitaji laini ya kilomita 1,700.

Beni haipaswi kufundishwa hii. Hapa ndipo, mwaka 2017, kampuni ya Nuru ilianzisha mtandao wake mdogo wa kwanza wa jua, kilowati 55 hivi. Kitu kidogo tu. Miaka mitatu baadaye, 2020, wakawasha Goma, upande wa Ndosho, kituo cha megawati 1.3 chenye batri. Mimi nimekulia karibu na pale. Zamani ukishuka Ndosho saa moja ya usiku unatembea na moyo mkononi. Taa za barabara zilipowaka, wamama walianza kuuza mandazi na makayabo mpaka saa tatu. Manono, huko Tanganyika, tangu 2018 wako na kituo cha megawati moja. Ni ile Manono yenye lithiamu inayotafutwa na dunia nzima.

Na bei imeshuka kweli. Umeme wa jua kwa vituo vikubwa duniani umepunguka bei karibu 90% tangu 2010. Kilichokuwa ndoto ya wazazi wetu sasa kinauzwa kwenye duka la vyuma hapa Matonge.

Ninaomba dakika tano za hesabu, musichoke. Tumeisha kudanganywa sana juu hatuhesabu.

Ampuli nne za wati 5, saa tano kila usiku: wati-saa 100. Simu tatu: 30. Televisheni ndogo ya wati 30, saa nne: 120. Jumla 250 kwa siku. Pano ya wati 100, kwa hali yetu ya mawingu tuhesabu saa nne za jua nzuri, inatoa 400. Toa yale yanayopotea kwa batri na kwa kamba, unabakia na 300 hivi. Basi nyumba hiyo iko sawa, na mvua ya siku mbili haiiui. Vizuri.

Sasa tupike. Plaque ya umeme ni wati 1,000. Saa mbili kwa siku, wati-saa 2,000. Ni mara nane ya yote niliyotaja. Unahitaji karibu wati 700 za pano, zaidi ya mita tatu mraba juu ya mabati, na batri kubwa juu tunapika jioni. Ndiyo maana yule anayekuambia kwamba kiti ya ampuli nne itaokoa miti ya Virunga, anakuuzia maneno. Zaidi ya tisa juu ya kumi ya nyumba za hii inchi zinapika kwa kuni na makala. Mbabula haitazimwa na pano moja. Itazimwa na mtandao wenye nguvu, wa maji na jua pamoja, na bei ya umeme inayoshinda bei ya gunia la makala. Kuna sufuria za umeme za kufunga zinazopika maharagi kwa chini ya nusu ya umeme wa plaque, hiyo inasaidia, lakini bado unahitaji umeme wa kweli ukutani.

Na mashini ya kusaga unga, moto wake unahitaji kilowati saba au zaidi. Kiti ya nyumbani haiwezi hata kuigusa. Nataka tuelewane hapa: kampuni nyingi na miradi mingi ikisema « umeme umefika », inahesabu ampuli. Mtu mwenye ampuli tatu anaandikwa kwenye ripoti kama mtu mwenye umeme, sawa na mwenye frigo na pasi. Kama zile 60% za mwaka 2030 zitakuwa za ampuli tatu tatu, watuambie sasa. Ampuli tatu si mbaya, mama mdogo wangu alizipenda. Lakini fundi wa kuchomelea milango hawezi kulisha watoto na ampuli tatu.

Kitu kingine cha hesabu, hii ni kwa wale wanaonunua. Adhuhuri, jua kali linatoa karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja mraba. Pano nzuri ya leo inashika kama sehemu moja juu ya tano. Kwa hiyo mita moja mraba ni wati 200, ukibahatika sana zaidi kidogo. Mtu akikuletea pano ya nusu mita mraba imeandikwa 300 W, mrudishie. Usibishane, chukua metre ya fundi nguo, pima mbele yake, uende zako.

Turudi kwa siasa, juu ndiyo kazi yetu.

Serikali yetu inapenda kusema Kongo ni « pays-solution », inchi yenye dawa ya ugonjwa wa dunia. Tuna msitu, tuna mto, tuna kobalti karibu 70% ya ile inayochimbwa duniani. Vijana wengi, hata ndani ya mouvement yetu, wanapenda kusema kwamba kila batri ya jua inabeba jasho la watoto wa Kolwezi. Niwaombe tuwe waangalifu. Batri za magari na za simu nyingi, ndiyo. Batri za nyumbani za jua, siku hizi nyingi ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo. Tukisema uongo mdogo kwa ajili ya haki kubwa, watatukamata kwa ule uongo mdogo. Na iko somo ndani yake: wenye viwanda wanatafuta kila siku namna ya kuacha kobalti. Yule anayekaa akingoja dunia imlipe kwa sababu ya jiwe lake, siku moja ataamka dunia imebadili jiwe. Shaba, hapana, ile bado wataitaka, juu hakuna kamba ya umeme bila shaba.

Na sasa migodi yenyewe imeanza kujijengea vituo vya jua na batri, juu SNEL haiwatoshi. Ni haki yao. Lakini munaona picha? Kwanza maji ya Inga yalipita juu ya vijiji kwenda mgodini. Sasa jua la Lualaba, kali kuliko letu, linashikwa ndani ya uzio wa mgodi, na kijiji nje ya uzio kinanunua buji. Ni laini ile ile ya 1982, isipokuwa safari hii haina hata nguzo za kuonyesha.

Basi tunadai nini? Sheria iko, na iko upande wetu. Katiba, kipengele cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na nishati ya umeme inahakikishwa. Si « ikiwezekana ». Inahakikishwa. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua biashara ya umeme kwa kampuni za binafsi, ikaacha SNEL isiwe peke yake, ikapatia provensi neno juu ya miradi ya kwao. Ilileta pia mamlaka ya kusimamia, ARE, na agence ya umeme wa vijijini, ANSER. Kwa hiyo wakitujibu kwamba jua ni mambo ya kampuni na mteja, tuwajibu kwamba kuna ofisi inayolipwa ili isiwe mambo ya kampuni na mteja tu.

La kwanza tunalodai ni zamu. Jua la kwanza lianze kwa maternité, kwa kituo cha afya, kwa pompu ya maji, kwa shule. Beni inajua hii kuliko muji mwingine wowote. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na chanjo ile ilipaswa kulindwa kwenye baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Waliweza. Katika muji usio na umeme wa kuaminika, katikati ya risasi, baridi ile ililindwa kwa sababu mtu aliamua kwamba lazima ilindwe na akalipia. Tangu ile siku mimi sikubali tena kuambiwa frigo ya chanjo za kawaida za watoto haiwezekani.

Na tukidai pano kwa kituo cha afya, tudai pia pesa ya batri ya pili. Tumeona vituo vingapi ambavyo mfadhili alikuja, akaweka pano, akapiga picha, na baada ya miaka mitatu batri ikafa? Pano inakaa miaka 25. Batri ya risasi inakufa baada ya miwili, mitatu, mine. Hakuna mtu aliyeiandika kwenye bajeti, basi infirmier anarudi kwa taa ya simu, na pano inabakia juu ya paa kama kofia ya marehemu.

La pili ni duane. Décret ya Desemba 2018 ilipunguza kodi na ushuru kwa vifaa vya umeme vinavyoingia. Kwa karatasi. Sasa mimi nauliza wafanyabiashara mulio hapa, munaopitishia mali Kasindi: munalipa nini kweli? Sitaki jibu la hasira, nataka risiti. Mutuletee risiti, futeni jina lenu kama munaogopa, tutazipanga moja kando ya nyingine na kando ya décret. Kama ushuru unalipwa ambao haupo, tutajua unaingia mfuko gani. Na kama hauko, tutajua kwamba bei inapandishwa na wauzaji wenyewe, na tutawaambia pia.

La tatu ndilo la mama mdogo.

Kampuni kubwa zote, katika mikataba yao, ziko na maneno mawili: force majeure. Vita ikija, tetemeko likija, volkano ikitoka, kampuni haipaswi kuleta kile iliyoahidi na hakuna atakayeishitaki. Ni haki, hata mimi ningeandika vile. Lakini niliomba mkataba wa mama mdogo, niliusoma mara tatu, na yale maneno yapo kwa upande wa kampuni peke yake. Vita ni nguvu kubwa kwa mwenye kampuni. Kwa muuza sambaza, vita ni kuchelewa kulipa.

Tunadai kitu kidogo, cha mistari miwili mitatu, kisichohitaji dola za Benki ya Dunia. Tunadai ARE iandike kwamba kila mkataba wa umeme wa jua katika maeneo ya vita au ya msiba uwe na force majeure ya mteja: deni linasimama, halifutwi, boksi haifungwi, na malipo yanaanza tena banki na watoa feza wakifunguka. Mtu aliyekimbia aruhusiwe kubeba kiti yake bila kuitwa mwizi. Bei iandikwe kwa franka na kwa Kiswahili, bei yote mpaka mwisho, si bei ya wiki tu. Juu bei ya wiki ni tamu kama sukari, ukiizidisha mara 104 ndipo unaona umelipa mara mbili ya dukani.

Kuna wenye kampuni watasema: tukifanya hivyo tutafilisika, na mwekezaji hatakuja Kivu. Nimelifikiria jibu hili, siwezi kulitupa. Mtu akileta mali yake katika inchi yenye vita anabeba hatari kweli, na kuna vijana wa kwetu wenyewe katika biashara hii. Altech, kwa mfano, ilianzishwa na Wakongomani wawili waliokulia kambini Nyarugusu, Tanzania, kama wakimbizi. Wale giza wanalijua. Basi hatari ya vita igawanywe. Kuna pesa za Mission 300, kuna mifuko ya dhamana ya wawekezaji. Dhamana hiyo imlinde pia mteja wa mwisho. Ikiwa Washington na Kinshasa zinaweza kumhakikishia mwekezaji kwamba vita haitamuumiza sana, zinaweza kumhakikishia muuza sambaza miezi sita ya mwangaza.

Ya kumiliki wenyewe, kwa cooperative kama tunavyofanya kwa kawa na kakao, nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Ninaziruka, saa imekwenda. Mwenye kutaka tutaongea inje.

Kipengele cha 27 cha Katiba kinatupa haki ya kuandika petisyo kwa mamlaka, mtu peke yake au wote pamoja. Karatasi ziko pale mezani, karibu na mlango, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Musitie sahihi bila kusoma, na asiyejua kusoma aombe mmoja wa vijana amsomee yote, si mwanzo tu. Nakala moja itakwenda kwa gavana wa provensi, moja kwa ARE, moja kwa wabunge wetu. Risiti za Kasindi, muzilete alhamisi.

Mama mdogo amenipa ruhusa ya kutumia mkataba wake, nimefuta jina lake na jina la kampuni. Mpaka ninapoongea hivi boksi yake bado imefungwa. Tumepiga nakala 40. Wale walio na kiti kama yake nyumbani, na najua hapa muko wengi, mutoe mikataba yenu kama mumekuja nayo, tulinganishe. Tuanze ukurasa wa nne, pale chini kabisa, yale maandiko madogo. Kuna mwenye torshi?